Jeti za Mfano na Watoto Wetu: Tuingie kwa Mlango



Ndugu wasomaji, tumeona vyema safari hii tulijibu swali tuliloletewa na mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Birmingham. Mwanawe mwenye umri wa miaka 14 amealikwa na mwalimu wake wa fizikia kwenda kutazama chama cha watu wanaojenga na kurusha ndege kubwa za mfano, zenye injini za jeti za kweli, zinazoongozwa kwa redio kutoka chini. Tangu siku hiyo kijana hali, halali. Baba yake amekataa katakata, na hoja zake ni mbili. Ya kwanza, huo ni mchezo wa matajiri, na fedha ya kuchezea nyumba yake haina. Ya pili, ambayo aliitamka kwa sauti ya chini, ni kwamba mtoto mwenye jina la Kiislamu hafai kuonekana uwanjani akirusha kitu angani, katika nchi hii na katika zama hizi. Mama anauliza: je, baba ana haki?

Tunasema tangu mwanzo kwamba baba huyo si mjinga wala si mwoga. Hoja zake zote mbili zina uzito, na anayezicheka hajaishi tuliyoyaishi. Hata hivyo rai yetu ni tofauti na yake, nasi tutaieleza. Lakini kwanza tukijue chombo chenyewe, kwani kulihukumu jambo usilolijua ni sawa na kupiga ramli.

CHOMBO CHENYEWE

Wengi wetu tuliokulia pwani tuliwahi kurusha tiara. Tulichonga njiti za makuti, tukabandika karatasi kwa gundi ya unga, tukafunga mkia wa kitambaa, na upepo wa kusi ukafanya yaliyobaki. Tiara ikikata uzi, hasara ilikuwa karatasi na machozi. Ndege tunayoizungumzia hapa ni kitu kingine kabisa. Urefu wake aghalabu ni mita mbili hadi tatu, na zipo zinazozidi hapo. Uzito wake hukaribia ule mfuko wa mchele wa kilo 20 tunaoununua madukani kwetu, na nyingine huupita. Mwili wake hutengenezwa kwa mbao nyepesi za balsa na plaiwudi, au kwa nyuzi za kioo na za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Ina magurudumu yanayokunjwa, ina breki, na mabawa yake yana sehemu zinazopinda kama za ndege ya abiria. Mwenye kuiongoza husimama chini, redio mkononi, na haruhusiwi kuiacha ipotee machoni mwake.

Ikiruka kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, jambo la kawaida kwa ndege hizo, hukata zaidi ya mita 55 kwa kila sekunde. Mwenye kuiongoza akipiga chafya mara mbili, ndege imekwisha kuvuka urefu wa kiwanja cha mpira.

Moyo wake ni injini ya tabaini. Ukiifungua utakuta ekseli moja tu. Mbele ya ekseli hiyo liko gurudumu linalovuta hewa na kuishindilia. Katikati ni chumba cha moto. Nyuma liko gurudumu la pili, la madini yanayostahimili joto kali. Gesi inayotoka katika moto hulizungusha gurudumu la nyuma, nalo hulizungusha la mbele, na gesi iliyobaki hufyatuka nje na kuisukuma ndege. Ekseli hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mafuta yake ni mafuta ya taa, yaliyotiwa oili kidogo ya kulainisha beringi. Wasomaji wanaoikumbuka stovu ya pampu watafahamu mara moja siri ya chumba chake cha moto: mafuta hupita kwanza katika vijibomba vilivyozungukwa na moto, yakageuka mvuke, ndipo yakawaka kwa moto safi. Kanuni ni ileile iliyokuwa ikiwachemshia mama zetu chai ya alfajiri.

Injini yenye nguvu ya kusukuma uzito wa kilo 16 hunywa karibu nusu lita kwa dakika, na ndiyo maana safari moja haizidi sana dakika kumi. Tena injini hii haina haraka. Ukiisukuma fimbo ya redio, nguvu haiji papo hapo. Hupita sekunde kadhaa hata gurudumu likapata kasi yake. Basi anayengoja aione hatari ndipo aongeze nguvu, huyo amekwisha kuchelewa. Hana budi kujifunza kufikiri mbele ya ndege yake. Sisi tuliosomesha vijana kwa miaka mingi tunajua jinsi tabia hiyo ilivyo adimu katika umri wa miaka 14, na jinsi ilivyo na thamani.

Iko na hesabu. Kijana ataona kwamba ndege yake ndogo inaruka vizuri, naye atataka kuikuza mara mbili. Akivikuza vipimo vyote mara mbili, eneo la bawa huongezeka mara nne, lakini uzito huongezeka mara nane. Maana yake ni kwamba kila kipande cha bawa sasa kinabeba mzigo mara mbili ya ule wa kwanza, na ndege itahitaji kasi kubwa zaidi, karibu mara moja na nusu, ndipo iinuke. Somo hili tulilisomesha kwa chaki ubaoni, na nusu ya darasa ilisinzia. Uwanjani hapana anayesinzia.

MLANGONI PETU

Yamkini baba wa kijana anadhani kwamba elimu hii ni ya watu wengine na ya mahali pengine. La hasha. Injini ya jeti ni mtoto wa mkoa huu tunaoishi. Frank Whittle alizaliwa Coventry mwaka 1907, mwana wa fundi wa mitambo. Alipoomba kwa mara ya kwanza kuingia Jeshi la Anga kama mwanagenzi alikataliwa kwa ufupi wa kimo. Akarudi tena, akakubaliwa mwaka 1923. Mwaka 1930 aliomba hataza ya injini yake. Mwaka 1935 hataza hiyo ilipohitaji kulipiwa upya, serikali haikutaka kulipa na yeye mwenyewe hakuwa na pauni 5 za kulipia, ikamtoka. Hakukata tamaa. Tarehe 12 Aprili 1937 aliiwasha injini yake ya kwanza katika karakana mjini Rugby, na tarehe 15 Mei 1941 ndege iliyobeba injini yake iliruka kutoka Cranwell. Wajerumani walikuwa wametangulia kurusha yao Agosti 1939, lakini Whittle alifika kwa njia yake mwenyewe, bila kuwategemea wao. Coventry ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa treni kutoka New Street.

Katika ndege za mfano, tabaini ziliruka kwa mara ya kwanza hapa Uingereza mwaka 1983. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mjerumani mmoja, Kurt Schreckling, alionyesha kwamba mtu mwenye vifaa vya kawaida vya karakana ya nyumbani anaweza kujitengenezea injini ya namna hiyo. Gurudumu lake la kushindilia hewa lilikuwa la plaiwudi iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Tunalitaja hili ili ijulikane kwamba mlango wa fani hii ulifunguliwa na wenye subira, wala si wenye mali peke yao.

Na sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna sehemu yetu. Shirika letu la pamoja, East African Airways, lilipokea jeti zake za kwanza aina ya Comet mwaka 1960, na mwaka 1966 likaanza kupokea Super VC10, ndege ndefu yenye injini nne mkiani. VC10 ilibuniwa ili iweze kuruka katika viwanja vya joto na vya nyanda za juu, na Nairobi ni mfano wake mwema. VC10 ya mwisho kabisa kujengwa, mwaka 1970, ilikuwa ya East African Airways, nayo ilisajiliwa Tanzania kwa herufi 5H-MOG. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nne katika ndege hizo hatimaye ziliingia katika Jeshi la Anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa za kubeba mafuta na kuyatia ndege nyingine angani. Mwezi Septemba 2013 VC10 zilipostaafishwa, safari ya mwisho ya ndege za aina hiyo ilifanywa na mojawapo ya zile zetu, iliyokuwa ikiitwa 5H-MMT. Watoto wetu wangapi wamesimuliwa habari hii? Super VC10 ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 52. Kijana akiipunguza mara 12 atapata ndege ya mfano ya zaidi ya mita 4. Ni kazi ya miaka, lakini ni kazi inayoweza kufanywa, na simba wa East African Airways akaonekana tena angani.

MACHO YA WENGINE

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha suala zima. Katika nchi hii mtu hajengi ndege kubwa ya mfano na kuirusha apendavyo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, CAA, humtaka mrushaji afanye mtihani wa maswali na apewe namba yake, na mwenye chombo, ambaye lazima awe ametimiza miaka 18, asajiliwe na namba yake ibandikwe juu ya ndege. Vyama vya warushaji, kama vile British Model Flying Association, vina mitihani yao ya vitendo ya hatua mbalimbali, na mwanachama hupata bima ya kumlipa mtu mwingine akidhurika.

Ndege ikizidi kilo 25 mambo huwa mazito zaidi. Hapo mjenzi hupitia Large Model Association, ambayo wakaguzi wake huitazama kazi tangu mbavu za mbao ziko wazi, kabla hazijafunikwa. Huuliza gundi gani imetumika, waya umepita wapi, na redio ikikatika mawasiliano injini itafanya nini. Kisha ndege hurushwa kwa majaribio mbele ya shahidi, ndipo kibali kamili kitolewe. Mjenzi hodari wa miaka 40 hukaguliwa sawasawa na aliyeanza juzi, na haoni kuwa amevunjiwa heshima.

Kwa nini ukali wote huo? Jawabu tunalo katika historia yetu wenyewe. Tarehe 18 Aprili 1972, Super VC10 ya East African Airways ilikuwa ikishika kasi ili iruke kutoka Addis Ababa. Gurudumu lake la mbele lilikanyaga chuma kilichodondoka na kuachwa njiani na ndege nyingine ndogo. Rubani akaamua kusimama, lakini breki hazikushika ipasavyo, kwa kuwa sehemu yake moja ilikuwa imefungwa vibaya ilipotengenezwa. Watu 43 walipoteza maisha, Mwenyezi Mungu awarehemu. Chuma kidogo kilichosahauliwa, na kipande kilichofungwa visivyo. Kila mkaguzi anayeshika tochi na kuchungulia ndani ya tumbo la ndege, iwe ya abiria au ya mfano, anatafuta vitu viwili hivyo.

Iko desturi moja ya warushaji wa zamani ambayo tunaipenda. Kabla ya redio za leo, ambazo hujipangia mawimbi zenyewe, kila redio ya ndege ilikuwa na namba ya wimbi lake, na watu wawili wakiwasha kwa wimbi moja, ndege iliyo angani huanguka. Basi uwanjani palikuwa na ubao wenye vibanio, kila kibanio na namba yake. Hakuna aliyewasha redio kabla ya kuchukua kibanio chake. Hakusimama askari kulinda ubao ule. Kilichozilinda ndege za watu ni amana, neno ambalo watoto wetu hulisikia madrasa kila wiki, na huko uwanjani wangeliona likifanya kazi.

Na mafunzo nayo yamepangwa vivyo hivyo. Redio mbili huunganishwa, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Mwanafunzi huongoza, mwalimu hukaa kando, kidole juu ya swichi. Ndege ikienda mrama, mwalimu huichukua, akainyoosha, kisha akamrudishia mwanafunzi bila maneno mengi. Wazazi wenzetu, tuutafakari mpango huo. Wako kati yetu wasioachia redio kamwe, na wako walioachia wakaondoka uwanjani.

HOFU YA BABA

Hofu ya baba haikuzuka hewani. Mwaka 2010 sisi sote wa mji huu tuliona mitaa ya Sparkbrook na Washwood Heath ikizungushiwa kamera zaidi ya 200, nyingine zikiwa zimefichwa, kwa fedha za kupambana na ugaidi. Wakaazi walilalamika, kamera zikavikwa mifuko, na mwaka 2011 zikaondolewa. Jeraha la kutazamwa hivyo halikuondoka nazo. Mwaka huohuo wa 2011, huko Marekani, kijana mmoja wa Kiislamu alikamatwa kwa njama ya kutia mabomu katika jeti za mfano, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 17. Mwaka 2023 mahakama ya hapa Birmingham ilimtia hatiani mwanafunzi wa shahada ya uzamifu aliyetengeneza nyumbani kwake Coventry ndege isiyo na rubani kwa ajili ya kundi la kigaidi, akahukumiwa kifungo cha maisha. Tumeyasema haya waziwazi kwa sababu anayewaficha wazazi nusu ya habari hawasaidii.

Lakini tuyatazame vizuri. Kilichowatenga watu hao na warushaji wa vyama ni nini? Mbao, waya na redio ni vilevile. Tofauti ni kwamba kazi yao ilifichwa, kwa nia waliyoificha. Ndege ya chama hujengwa mbele ya macho ya watu. Ina namba, ina kumbukumbu, ina bima, ina mkaguzi aliyeichungulia tumboni. Na kijana wa chama ana watu wazima ishirini au thelathini wanaomjua kwa jina lake, wanaojua ameanza lini, amevunja nini na ametengeneza nini. Likiulizwa swali juu yake, wapo wa kulijibu. Aliyezuiliwa nyumbani hana hata mmoja.

Wala makatazo hayazimi hamu. Tukimfungia mlango, atatokea dirishani. Atakusanya pesa za Idi, anunue kijindege cha umeme cha bei rahisi, akirushe nyuma ya nyumba bila mtihani wala namba. Mji wetu una uwanja mkubwa wa ndege, na kuna eneo kuzunguka uwanja huo ambamo ni kosa la jinai kurusha chombo chochote bila ruhusa. Uwanja wa Gatwick ulipofungwa mwezi Desemba 2018 kwa taarifa za vyombo vilivyoonekana hapo, serikali haikukawia: Machi 2019 maeneo hayo yalipanuliwa nchi nzima. Kijana wa chama hufundishwa mipaka hiyo siku ya kwanza. Kijana wa dirishani huijua anapogongewa mlango na polisi. Hivyo hofu yenyewe inaweza kuleta lile linalohofiwa.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Ikiwa tutawaondoa watoto wetu kila mahali wanapoweza kutazamwa kwa jicho baya, watabaki wapi? Leo tutawakataza ndege, kesho tutawakataza kemia, keshokutwa kompyuta. Huwa tunajisifu kwa Abbas bin Firnas wa Cordoba, ambaye, kama alivyosimulia mwanahistoria al-Maqqari karne nyingi baadaye, alijivika manyoya katika karne ya 9, akaruka, akaumia wakati wa kutua kwa sababu hakujitengenezea mkia. Hatuwezi kujifaharisha kwa bin Firnas msikitini Ijumaa, kisha Jumapili tumzuie mtoto kwenda kujifunza kazi ya mkia.

Hatusemi kwamba hatatazamwa. Huenda siku ya kwanza mtu mmoja akamkazia macho, au akamuuliza swali lisilo na adabu. Dawa yake ni baba kwenda naye. Asimpeleke mpaka getini akarudi; asimame naye uwanjani, ajitambulishe, aulize maswali, anywe chai yao. Wakipokewa kwa wema, na warushaji wengi ni wastaafu wanaolilia vijana wa kuwarithi ujuzi wao, watarudi. Wakipokewa kwa ubaya, vyama ni vingi katika mkoa huu. Kuondoka mahali pabaya si aibu.

Kwa hiyo jawabu letu kwa mama ni hili: baba ana haki ya kuhofu, na ana wajibu wa kuangalia. Kufunga mlango, hapana.

SUALA LA FEDHA

Hapa baba ana nguvu zaidi. Tabaini moja huuzwa kwa maelfu ya pauni, na ndege iliyokamilika huzidi gari ambalo wengi wetu tunaliendesha. Mwenye deni la nyumba, mwenye wazee wa kuwapelekea chochote kila mwezi, mwenye nia ya Hijja aliyoiahirisha, hawezi kuichoma fedha hiyo kwa mafuta ya taa na akaepuka jina la israfu. Hilo tunalikubali bila ubishi.

Lakini hakuna anayeanza na jeti, hata tajiri, kwani hakuna mwalimu atakayemruhusu. Ngazi ya kwanza ni kindege cha balsa cha kurusha kwa mkono, ambacho gharama yake ni pauni chache, wembe na gundi. Ngazi ya pili ni ndege ya umeme ya mafunzo, ya povu jepesi, na vyama vingi vina yao ya kufundishia. Ngazi ya tatu ni ndege kubwa zaidi, kisha jeti ya feni, ambayo feni yake imefichwa ndani ya bomba na huzungushwa na mota ya umeme. Tabaini iko juu ya ngazi zote hizo, baada ya miaka na baada ya mitihani. Kijana wa miaka 14 akianza leo, akifika huko atakuwa mtu mzima mwenye mshahara wake, au, kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu, mhandisi anayelipwa kuzitengeneza za kweli.

Na hata hiyo ya juu, si lazima imilikiwe na mtu mmoja. Sisi ni watu wa kuchangiana. Tunachangiana harusi, tunachangiana mazishi, mama zetu wanacheza upatu. Vijana kumi wakijenga ndege moja kwa miaka mitatu, kila mmoja na kazi yake, wamepata karakana, urafiki na elimu kwa bei ya viatu. Wala tusiwasahau wasichana. Kazi ya kuunganisha nyaya na kubandika ngozi ya bawa inataka mkono mtulivu na jicho kali, na katika miaka yetu ya kusomesha tuliwaona wasichana wengi wenye vyote viwili wakiishia kuwa watazamaji.

LA KUFANYA

Kwanza, msinunue chochote. Muuzaji wa dukani au wa kwenye mtandao atawauzia kisichofaa.

Pili, mwende mkatazame. Jumba la makumbusho la Jeshi la Anga lililoko Cosford halina kiingilio, ingawa wenye gari hulipia maegesho. Wenye kwenda kwa treni, iko stesheni ya Cosford, upande wa mbele ya Wolverhampton. Humo iko VC10 moja ya Jeshi la Anga, ndugu wa zile zetu. Watoto waonyeshwe injini zake nne na wasimuliwe habari za Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam. Kwa miaka mingi Large Model Association imefanya maonyesho yake katika uwanja wa Cosford mwezi wa Julai. Ulizeni tarehe kabla ya kutoka nyumbani.

Tatu, kabla ya kujiunga na chama, baba au mama aulize maswali manne: nani anafundisha watoto, na amekaguliwa kwa kazi hiyo? Bima inaanza lini? Je, pana redio za kuunganisha mwanafunzi na mwalimu? Na mzazi anaruhusiwa kubaki uwanjani muda wote? Chama kinachojibu manne hayo bila kusita kinafaa kutazamwa.

Nne, tupange saa zetu. Warushaji wengi hukutana Jumapili asubuhi, na madrasa za watoto wetu aghalabu ni jioni za wiki na Jumamosi. Havigongani. Adhuhuri ikiingia, uwanja ni majani safi, na mwenye mkeka wake anaswali. Mrushaji yeyote atakwambia kwamba hakuna kazi inayomkumbusha mja udhaifu wake kama kukitazama chombo chake cha miaka miwili kikiinuka, huku mkononi hana ila vijiti viwili na dua.

Mwisho, wazazi walio tayari kuanzisha meza ya balsa kwa watoto, mara moja kwa mwezi, watuandikie kwa anwani ya jarida hili. Tutahitaji ukumbi, meza mbili, wembe zitakazokaa mikononi mwa watu wazima, na mtu mmoja asiyechoka kuulizwa maswali. La mwisho tunaahidi kulitoa sisi wenyewe, inshaallah.